Tekla Wanne, Namba Moja

"Rudia," alisema Tupokigwe. "Jumatano ulifanya nini?"

"Nilisafisha data. Na shusha sauti, wageni wanakunywa chai nyuma ya ukuta huu."

"Sishushi. Ulisafisha data ipi?"

Brayson alinyoosha tai yake, ambayo ilikuwa imenyooka tayari. Walikuwa wamesimama kwenye ujia wa nyuma ya ukumbi, Forest, jijini Mbeya, kati ya mlango wa jiko na makreti ya soda. Mpishi alipita na sinia la maandazi, akawakwepa, akarudi na sinia tupu, akawakuta palepale. Ilikuwa saa tano na robo, Jumamosi. Saa sita Brayson alitakiwa kupanda jukwaani.

Katika sehemu iliyopita ya hadithi hii tulimwacha Tupokigwe na simu sikioni. Aliyempigia alikuwa Sista Verediana, nesi wa kituo cha afya upande wa Igowole, mtu asiyepiga simu bila sababu. "Mwanangu," alikuwa amesema, "hapa mbele yangu ameketi Tekla Mwalongo na tumbo lake la miezi mitano. Lakini simu yenu inasema alijifungua wiki sita zilizopita."

Mimba ya miezi mitano na mtoto wa wiki sita haviwezi kuwa vya mwanamke mmoja. Hata asiyewahi kushika kompyuta analijua hilo.

Programu yenyewe inaitwa Mgongoni. Tupokigwe na Brayson waliitengeneza wenyewe kwa miaka mitatu, katika chumba kimoja mtaa wa Soweto. Mhudumu wa afya anatembea kijijini na simu, na ndani ya simu kila mjamzito ana kadi yake: vipimo, tarehe, na alama. Mwenye alama nyekundu hatakiwi kujifungulia nyumbani wala zahanati. Wiki moja kabla ya siku zake za kujifungua anatumiwa ujumbe: jiandae, gari linakuja kukupeleka hospitali. Simu arobaini na moja zilikuwa zinafanya kazi hiyo, kuanzia vilima vya Mbeya mpaka misitu ya Mufindi. Na upande wa pili wa ukuta walikaa wageni wa shirika lililotaka kuipeleka Mgongoni mikoa mitano.

Brayson alieleza kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza dawa chungu. Wageni walikuwa wamelalamika kwamba akina mama walioandikishwa ni wengi kuliko makadirio. Yeye akaona majina yanajirudia. Jumatano mchana akaandika amri moja fupi: kadi zenye jina moja na namba moja ya simu ziunganishwe, ibaki ile iliyoguswa mwisho. Kadi mia tatu na kumi zikaondoka. Takwimu zikapendeza.

"Watu wawili hawawezi kuwa na jina moja na namba moja ya simu, Tupo. Hiyo ni akili ya kawaida."

"Ya kawaida wapi?"

Sista Verediana alikuwa bado hewani. Tupokigwe aliweka sauti ya nje. Sista akauliza huyo kijana anayesema ni nani, akaambiwa, akamsalimia kwanza, kamwene baba, habari za nyumbani. Salamu zilipoisha alimweleza mambo ya Luhanyika pole pole, kama anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge.

Luhanyika ni kijiji cha juu kabisa, kwenye ukungu. Wanawake wengi kule hawana simu. Wana Mama Rozalia, kiongozi wa jumuiya, mwenye simu ya tochi na sauti inayovuka bonde. Wajawazito wote wa Luhanyika wasio na simu wameandikishwa kwa namba yake. Ujumbe unaingia kwake Ijumaa jioni akipanda kutafuta mtandao, naye anausoma Jumamosi alfajiri jumuiyani, baada ya sala, kabla ya kuwataja wagonjwa.

Na majina? Zamani kulikuwa na mkunga mtawa, Sista Tekla, aliyewazalisha wanawake wa kule kwa miaka kumi na minne asipoteze mama hata mmoja. Mtoto wa kike akiangukia mikononi mwake, anaitwa Tekla, hakuna mjadala. Watoto wale sasa ni wanawake wenye waume. Na ukoo uliojaa kule ni wa Mwalongo.

"Kwa hiyo, baba," alimaliza Sista, "ukiita Tekla Mwalongo kanisani Luhanyika, linainuka benchi zima."

Brayson hakucheka. Aliuliza nani aliwaruhusu kuandika namba ya mtu mwingine.

Sista alijibu bila kupandisha sauti. Fomu yenyewe ndiyo iliyokataa. Bila namba ya simu haihifadhi kadi, inaleta maandishi mekundu. Mzee Gideoni, mhudumu wa Luhanyika wa wakati ule, alihangaika nayo siku nzima. Mwisho wakapiga simu Mbeya kuuliza, wakajibiwa na mwanamke: wekeni namba yoyote, mradi ipite.

Brayson alimtazama Tupokigwe.

Tupokigwe ndiye aliyeweka lile sharti kwenye fomu. Tupokigwe ndiye aliyepokea ile simu. Yeye, ambaye mama yake mzazi kule Tukuyu anapigiwa kwa jirani mpaka leo.

"Haya," alisema. "Kosa lina wenyewe wawili. Tutagawana baadaye. Nipe simu yako."

Alifungua ripoti ya Jumatatu, iliyotoka kabla ya ule usafi. Kituo cha Igowole: akina mama mia mbili na kumi na wanne. Alama nyekundu, watatu. Akafungua takwimu za leo. Mia mbili na kumi na mmoja. Alama nyekundu, wawili.

Kadi tatu zimemezwa, na moja kati ya hizo tatu ni nyekundu. Ni hesabu ya darasa la pili.

Akasoma safu ya mwisho ya ripoti ile ya Jumatatu, ile ya sababu. Mama mmoja, kondo la nyuma limekaa mlangoni mwa kizazi, siku zake wiki ijayo, ujumbe wa kumwita wiki hii.

Alisoma kwa sauti. Sista akasema, chini chini, "Huyo uchungu ukimwanzia porini ni damu, Tupo. Damu haingoji mtu ashuke mlima. Jina lake?"

"Ripoti ina idadi, Sista. Haina majina."

Brayson akakumbuka nakala za akiba, na kwa dakika moja wote wawili walipumua. Seva inajinakili kila alfajiri. Walifungua. Kulikuwa na nakala ya Alhamisi, ya Ijumaa na ya leo. Ya Jumatano, ya mwisho kuwa nzima, ilifutwa alfajiri hii yenyewe, kwa sababu mfumo unatunza siku tatu tu. Nani aliamua siku tatu?

"Hilo nalo ni lako," alisema Brayson.

"Najua ni langu."

Daftari, basi. Kila kituo kina daftari. Sista Verediana alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Daftari la mwaka huu, alisema, ni jeupe kama lilivyotoka dukani. Kwenye semina ya Mafinga mwalimu aliwaambia waliweke kabatini. Mwalimu alisema simu haisahau. Tupokigwe hakuuliza mwalimu alikuwa nani. Hospitali nao wanatafuta kwa namba ya kadi ya karatasi, na kadi ya karatasi iko kwa mwenyewe, popote alipo. Na Mzee Gideoni, ambaye angewataja wote kichwani mmoja baada ya mwingine, alizikwa wiki mbili baada ya Pasaka. Simu yake akapewa Edmund, aliyehudhuria semina ile kama mhudumu wa akiba, na ambaye hata mwezi hajamaliza Luhanyika.

Aliyejua walipo akina Tekla alikuwa mmoja, na kwa bahati alikuwa palepale kituoni. Mama Rozalia mwenyewe ndiye aliyemsindikiza huyu wa tumbo la miezi mitano. Akapewa simu, akaishika mbali na mdomo na kusema kwa sauti iliyomfanya mpishi achungulie kutoka jikoni.

Tekla wa namba yake ni wanne, alisema. Wa kwanza huyu hapa kwenye benchi. Wa pili ndiye mwenye mtoto wa wiki sita. Wa tatu yuko kambi ya mbao, ndani ya msitu, kwa mumewe. Wa nne amekwenda kwa mama yake, upande wa mashamba ya chai. Wote wawili matumbo yao yamefika hapa, alisema, akaonesha, ingawa hakuna wa Mbeya aliyemwona.

Tupokigwe akamuuliza ni yupi kati ya hao wawili aliyepelekwa kupigwa picha ya tumbo.

"Mwanangu, tumbo la mtu haliulizwi," alisema Mama Rozalia. "Mimi nasoma kinacholetwa. Leo alfajiri nimesoma: Tekla, hongera kwa mtoto, mlete chanjo. Tumepiga vigelegele. Kumbe kulikuwa na mwingine wa kuitwa?"

Kulikuwa na mwingine. Ujumbe wake wa kuitwa ulimezwa pamoja na kadi yake. Aliambiwa angoje aitwe, naye anangoja, kambini au kwenye chai, akiamini kimya hicho ni habari njema.

Sista akarudi hewani na maneno machache. Gari la kituo ni moja. Barabara ni mbili, moja kwenda kambini, nyingine kwenda kwenye chai, kila moja saa mbili kwa tope hili. Upande mmoja anaweza kumtuma mtu wa bodaboda apeleke habari, lakini mwanamke wa hali ile hapakiwi kwenye bodaboda. "Niambie gari liende wapi," alisema. "Sitaki kubahatisha na mtoto wa mtu."

Hapo Tupokigwe akafumba macho. Alipoyafumbua alisema neno moja.

"Edmund."

Luhanyika hakuna mtandao. Kila Jumamosi, saa sita mchana, Edmund anapanda kilima ambacho watu wa kule wanakiita Haloo, na kule juu simu yake inaongea na seva, inatuma kazi ya wiki na kupokea mapya. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi iliyopita. Kabla ya Jumatano. Simu ya Sista Verediana ilishapokea usafi siku ileile, kwa sababu Igowole kuna mtandao. Simu ya Edmund haijapokea. Ndani ya simu ile akina Tekla bado ni wanne, na mmoja wao ana rangi.

"Basi tumngoje afike juu, tumpigie," alisema Brayson. Aliona sura ya mwenzake. "Nini?"

"Akifika juu, simu haimngoji yeye. Ikishika mtandao tu inaongea na seva yenyewe. Na wakitofautiana, ukweli ni wa seva. Seva itamwambia Tekla ni mmoja, simu itafuta watatu. Kabla hajaitoa mfukoni."

Hakuna aliyeuliza nani aliandika sheria hiyo.

Brayson akapendekeza wazuie simu ile moja tu. Ilikuwa rai nzuri, na Tupokigwe angeikubali kama asingekuwa amefika mwisho wa ripoti. Alimwonesha jumla. Jumatatu, alama nyekundu kwenye mfumo mzima zilikuwa mia moja na kumi na nane. Leo, mia moja na saba. Waliomezwa ni kumi na mmoja. Kumi wengine wako kwenye simu nyingine, kwenye vilima vingine, na Jumamosi ndiyo siku ya kupanda vilima.

"Zima seva, Brayson. Yote."

"Nikizima seva, ramani yangu jukwaani inazimika."

"Ndiyo."

"Nipe saa moja. Nikishuka tu nazima."

"Saa moja Edmund atakuwa ameshashuka."

Sasa msimwone Brayson kuwa shetani. Alikuwa na hoja, na aliitoa. Wageni wakiona mfumo umekufa mbele yao, wataondoka, na wahudumu arobaini na mmoja watarudi kwenye madaftari yanayoliwa na panya. Mwaka jana Mgongoni iliwapeleka hospitali akina mama sabini na wawili wenye alama nyekundu, wote wakarudi wamebeba watoto. Mwakani je? Sabini na wawili wangapi watakosa gari, kwa sababu leo tumemwokoa mmoja ambaye pengine uchungu wake ni wa keshokutwa?

"Mtaje huyo wa keshokutwa ni Tekla yupi," alisema Tupokigwe. "Huwezi. Umeifuta kadi yake."

Brayson alifungua mdomo, lakini mlango wa ukumbi nao ulifunguka. Mshereheshaji alichungulia. Mwenyekiti wa wageni, Bi Sekela, ana safari mchana. Wameomba waanze mapema. Waanze sasa.

Brayson alimtazama Tupokigwe. Akatazama saa: sita kasoro ishirini. Akaingia.

Kompyuta ya Tupokigwe ilikuwa ofisini Soweto, na Soweto hapakuwa na umeme tangu asubuhi. Kompyuta pekee iliyokuwa imefunguliwa mpaka ndani ya seva ilikuwa ile ya jukwaani, chini ya mkono wa kulia wa Brayson. Tupokigwe alisimama mlangoni, nyuma ya wageni sitini, na kutazama.

Ramani ilijaa ukuta mzima. Kila simu ilikuwa doa. Kijani, ina mtandao. Kijivu, haina. Njano, inaanza kuongea na seva. Luhanyika ilikuwa kijivu. Kitakoni mwa mkoa wa Iringa, doa dogo, kama kipele.

Brayson ni msemaji mzuri, tusimnyime haki yake. Alianza na mzaha kuhusu baridi ya Mbeya na wageni wa Pwani waliokuja na viatu vya wazi. Wakacheka. Akaeleza kadi, akaeleza alama, akaonesha mchoro mmoja ulionyooka vizuri, mchoro wa baada ya Jumatano. Tupokigwe alikuwa akimpigia Edmund. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Mkono wa kushoto alishika simu ya Brayson, ambayo alikuwa amempigia Sista Verediana upya, na upande ule dereva alisikika akiuliza kama azime injini au aache.

"Na ninachojivunia zaidi," alisema Brayson jukwaani, "ni kwamba katika mfumo huu hakuna mama anayepotea."

Doa la Luhanyika likawa njano.

Edmund aliwahi. Gulio lilikuwa dogo, mvua inatishia, akaona apande mapema. Hayo yalijulikana baadaye. Wakati ule lilikuwa doa tu, la njano.

Tupokigwe alipita katikati ya viti. Hakukimbia, ila mikoba miwili ilianguka. Alipanda jukwaani kwa hatua mbili, akamsogeza Brayson kwa bega kama mtu anavyomsogeza mwenzake jikoni, akashusha ramani pembeni na kufungua dirisha jeusi la maandishi. Vivuli vya vidole vyake vilionekana ukutani, vikubwa kama mihimili ya nyumba. Aliandika amri ya kuzima. Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika.

Alijibu ndiyo.

Ukuta ukawa mweupe. Katikati yake yakabaki maneno mawili: Haioni seva.

Bi Sekela, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mkufu, alisimama taratibu na kuuliza kama hii ni sehemu ya maonesho.

Simu ya Tupokigwe ikaita, akaweka sauti ya nje. Edmund.

"Dada, kamwene," alisema, akihema kwa kupanda. "Hapa juu inasema haioni seva. Niifute programu niipakue upya, kama ulivyotufundisha Mafinga?"

Kufuta programu ni kufuta kila kitu kilicho ndani yake.

"Umeifuta?"

"Bado. Kidole kiko hapo."

"Toa kidole, Edmund. Kiweke mfukoni."

"Nimetoa."

"Fungua orodha. Akina Tekla Mwalongo wa namba ya Mama Rozalia. Wako wangapi?"

Upepo ulivuma kwenye simu. Edmund alihesabu, akahesabu tena.

"Watatu."

Walitakiwa kuwa wanne. Seva ilikuwa imewahi kumeza mmoja kabla ya kufa. Brayson, aliyekuwa amesimama na kipaza sauti kinachoning'inia mkononi, alilisikia hilo na uso wake ukabadilika. Pengine ni hapo alipoelewa kwamba alikuwa amewafuta watu.

"Soma," alisema Tupokigwe. "Wote watatu. Makazi, siku, alama."

Wa kwanza, bondeni, mimba ya miezi mitano, hana alama. Huyo ni wa benchi. Wa pili, amejifungua. Huyo anajulikana. Wa tatu Edmund alimsoma polepole kwa sababu jua lilimpiga kwenye kioo, na ukumbi mzima ulikuwa ukisikiliza bila kujua unasikiliza nini.

"Wa tatu amehamia kwa mama yake, mashamba ya chai. Siku zake Julai. Alama... hana alama, dada. Hakuna nyekundu hapa."

Hakuna nyekundu. Mmoja wa wanne ni mwekundu, na watatu waliobaki ni weupe.

Kadi iliyofutwa ilikuwa imejitaja yenyewe.

Tupokigwe aliinua simu ya mkono wa kushoto. "Sista. Kambini. Tekla wa kambi ya mbao. Gari liondoke."

"Una uhakika?"

Ni swali lilelile mfumo ulilomuuliza. Jibu lilikuwa lilelile.

Mlango wa gari ulibamizwa Igowole, ukasikika Forest. Injini ikapandisha, halafu sauti ya Mama Rozalia ikitangaza kwamba yeye anajua njia na anakaa mbele.

Brayson alivuta pumzi ndefu. Akamgusa Tupokigwe begani, akaanza kusema kitu ambacho kingekuwa samahani. Hakukimaliza, kwa sababu Tupokigwe alikuwa ameganda, macho kwenye ukuta mweupe.

"Kama ulivyotufundisha," alisema.

"Nini?"

"Edmund. Kasema, kama ulivyotufundisha. Niliwafundisha wote, Brayson. Ikisema haioni seva, futa, pakua upya. Niliwaandikia ubaoni."

Wahudumu arobaini wengine. Jumamosi, saa sita. Mmoja mmoja alikuwa akifika juu ya kilima chake, akitoa simu, akisoma maneno yale mawili, na kukumbuka somo. Ndani ya baadhi ya simu zile walikuwa wale kumi.

Angeweza kuwasha seva tena. Ingewameza. Angeweza kuiacha. Wangejifuta wenyewe. Angeweza kupiga simu, moja moja, yeye na Brayson, arobaini.

Alitazama ukumbi. Wageni sitini, kila mmoja na simu, na mbele ya kila mmoja kijitabu chenye karatasi inayong'aa ambacho Brayson alikuwa amekihangaikia mwezi mzima. Ukurasa wa mwisho, kwa fahari, kulikuwa na picha, majina na namba za simu za wahudumu wote arobaini na mmoja.

Alichukua kipaza sauti mkononi mwa Brayson.

"Naitwa Tupokigwe. Mfumo huu nimeuzima mimi, kwa sababu umewapoteza akina mama kumi na mmoja, na kosa ni letu wawili tuliosimama hapa. Mmoja gari limemfuata. Kumi bado. Fungueni ukurasa wa mwisho. Meza ya kwanza, majina kumi ya juu. Meza ya pili, kumi yanayofuata, hivyo hivyo mpaka nyuma. Mpigieni kila mtu, mwambieni sentensi moja: usifute programu, zima simu, teremka. Asiyepatikana, rudia."

Hakuna aliyetikisika. Sitini ni watu wengi wa kutotikisika.

Halafu Bi Sekela akavaa miwani yake. Akageuza kijitabu, akafika mwisho, akaweka ukucha kwenye jina la kwanza, akapiga. Aliyekaa kulia kwake akapiga la pili. Kiti kikasogezwa. Mtu akauliza jina hili linasomwaje, Asukile, akajibiwa na mpishi aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, kisha mpishi naye akatoa simu yake. Ndani ya dakika moja ukumbi ulikuwa unavuma kama soko. Brayson alikuwa amepiga magoti kati ya meza, tai imerushwa begani, akisoma namba kwa mzee aliyesahau miwani.

Usifute. Zima. Teremka. Usifute. Zima. Teremka.

Bi Sekela alikuwa wa kwanza kupokelewa. Alisikiliza. Hakusema sentensi aliyopewa. Alishusha simu kutoka sikioni na kumtafuta Tupokigwe kwa macho, juu ya vichwa vyote vile.

"Huyu ameshafuta," alisema. "Na anauliza kuhusu mama aliyelala hapo miguuni pake, waliyempandisha kilimani kwa machela ili wapate mtandao wa kuita gari. Anataka kujua hali yake iliandikwaje."